Kidole Nilichokiinua

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikuwa akipiga kinanda kanisani, wimbo wa polepole wenye huzuni, na karibu na mwisho wa ubeti akabonyeza kitufe kimoja cheusi. Ilikuwa noti moja tu. Lakini mara hiyo nikasikia harufu ya vumbi la mawe na mafuta ya taa, harufu ya gitaa la mjomba Ryoba, na mahubiri yaliyofuata yakanipita yote. Mnisamehe. Katika umri wangu mahubiri mengi nimeshayasikia.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Wanaume walitoka kila upande kwenda Nyakunguru kuchimba, na mjomba, kaka yake mama, akavuka mpaka kutoka Kenya akiwa na sururu, blanketi na gitaa. Alifikia kwetu Kemambo. Jumatatu alikwenda mashimoni, Jumamosi jioni akarudi na kope nyeupe kwa vumbi, akaoga, akala ugali wa mtama, kisha akapiga. Dhahabu yake sikuwahi kuiona. Mama alisema ndugu yake alichimba shimo refu kuliko wote ili apate mahali patulivu pa kutungia nyimbo.

Wimbo mmoja aliutunga kwa ajili ya kwaya yetu. Ulikuwa wa mchimbaji aliye chini ya ardhi, anayeomba arudi nyumbani salama. Sauti ya kuongoza alimpa dada yangu Boke, aliyekuwa na miaka kumi na mitano. Kwaya ilikuwa imealikwa kwenye mkutano wa kwaya nyingi mjini Tarime, na Boke hakuwa amewahi kufika Tarime. Wiki tatu kabla ya safari alikwisha kufua gauni lake, akalikunja na kulilaza chini ya godoro linyooke.

Kwa kuwa mjomba hakuwepo siku za mazoezi, aliniachia gitaa lake na kunifundisha mimi kodi tatu za wimbo ule, yaani namna tatu za kupanga vidole kwenye nyuzi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hata maumivu ya vidole niliyaonea fahari. Hapo ndipo kosa langu linapoanzia. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa ametuchorea ubaoni ngazi ya do, re, mi, nami niliiamini kama amri kumi. Kodi ya tatu ya mjomba ilikuwa na noti ambayo haikuwemo katika ngazi ile. Haikuwa so, wala haikuwa la, noti ambayo wimbo ule ulirudi kutulia mwishoni. Ilisimama katikati, kama mtu aliye kizingitini, haingii wala haondoki. Ililetwa na kidole kimoja tu, cha shahada, kwenye uzi wa tatu. Nikajiambia kwamba mjomba hakusoma. Nikakiinua kidole kile.

Jumatano, mazoezini, gitaa likatoa so, naye Boke akaimba vile alivyofundishwa na mjomba. Sauti zikagongana. Watu wakakunja nyuso.

"Dada, unapanda mno pale mwisho," nikamwambia mbele ya wote.

"Namfuata mjomba."

"Mjomba hajui ngazi. Hiyo noti haimo."

"Haya, msikilizeni mwalimu," akasema mzee mmoja wa sauti ya nne. "Asubuhi nimemwona anakimbizwa na ndama."

Wakacheka. Kama si kicheko kile, labda ningerudisha kidole. Nikapiga tena, kidole juu, nikamtaka dada ajaribu, na sauti zikagongana tena. Mama Gati, kiongozi wetu, alikuwa mwanamke wa haki, ila gitaa hakulijua.

"Mtu hukosea," akasema, "lakini gitaa ni mti na waya, litakosea vipi? Boke, rudi nyuma. Robi ataongoza."

Boke alinitazama mkononi, hakunitazama usoni. Kisha akarudi nyuma. Gari la safari lilikuwa na nafasi chache, na wa nyuma walibaki.

Jumamosi ile ile tulikwenda Tarime. Robi akaimba so safi kama ya ubaoni. Wimbo ukaisha, lakini watu wakaendelea kungoja, kama vile bado kuna mtu hajatoka shimoni. Hakuna aliyepiga makofi mpaka Mama Gati alipoketi.

Kesho yake mjomba akaniambia nimpigie. Nilipofika kodi ya tatu akanisimamisha, akakishika kidole changu cha shahada, akakigandamiza kwenye uzi.

"Hii umeitoa kwa nini?"

"Si ya ukoo wa wimbo, mjomba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe kijana. Mtu wa kukuita urudi nyumbani si lazima atoke nje? Wote wakikaa ndani wanakula, nani atakuita?" Kisha akauliza, "Na Boke aliimba aje huko?"

"Hakwenda. Alikuwa anaumwa tumbo."

Boke alikuwa mlangoni na ungo wa mtama. Alisikia kila neno.

"Limeshapona, mjomba," akasema, akapita.

Hakurudi kwenye kwaya. Baadaye akaolewa upande wa Serengeti, Manchira. Mimi nikaipigia kwaya ile gitaa mpaka nywele zikawa mvi, na noti ya mjomba sikuiacha tena. Mama Gati alikufa bila kuusikia ukweli kutoka kwangu.

Jumanne hii nikapanda gari. Nilimkuta Boke uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Marwa. Umekuja na njaa au na neno?"

Nikamwambia yote. Hakuacha kupukuchua.

"Nilikiona kidole chako," akasema. "Siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Mjomba angekunyang'anya gitaa. Na nyumba ile, bila gitaa, ilikuwa kimya mno wiki nzima."

Miaka yote nilidhani nimeiba na hakuna aliyeniona. Kumbe aliniona, akaniachia. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua ngazi ina hatua ngapi. Hajui ni nani aliyebaki nje kwa ajili yake.

Boke akaweka gunzi chini, akaanza mstari wa mwisho wa wimbo ule. Sauti imechakaa, lakini alipoifikia noti ya mjomba hakuisogeza juu wala chini. Akaishikilia, akinitazama, akingoja. Nilichelewa kidogo, kisha nikaimba la.