Raba Nyeupe, Miguu ya Bluu

Tusizungushane: yule mwanaume wa Mbeya anayesimuliwa pale Kihesa, Iringa, aliyekwenda ukweni mara ya kwanza akiwa na miguu ya bluu, ni mimi. Najua mmeshaisikia kwa wengine na najua wameitia chumvi (eti niliangukia sufuria la wali, hapana, wali haukuguswa), ndiyo maana nimeona niisimulie mwenyewe, tena nikiwa nimekaa, kwa sababu nikiisimulia nimesimama najikuta nainama kuangalia miguu.

Kwanza mnanijua nilivyo. Mimi sinunui kitu kwa haraka. Nikitaka pasi nitazunguka maduka yote ya Mwanjelwa, nitauliza bei, nitaondoka, nitarudi, nitaomba ichomekwe nione inavyopata moto, nitaondoka tena, na mwenye duka akishanikatia tamaa ndiyo nanunua. Kazini wananiita Mkaguzi. Hata uchumba wangu na Oliva ulikwenda hivyohivyo, tulikaa mpaka wenzetu walioanza baada yetu wakawa na watoto wa chekechea, na kila akiniuliza lini nakwenda kwao Iringa kujitambulisha jibu ninalo: tumalize mavuno, tupite Pasaka, nipake chumba rangi. Siku moja akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha, "Gwaki, baba amesema uje mwezi huu. Akikuona akasema hapana, hili jambo tunalifunga. Na mimi sibishani naye tena, nimechoka kukutetea."

Mtu mwingine hapo angeanza kufikiria atakachosema. Mimi nikaanza kufikiria viatu.

Msicheke. Viatu vyangu vyeusi vya kazini vilikuwa vimelika kisigino upande mmoja, na nikivivaa na jinzi naonekana dalali wa mnada. Raba za mazoezi, zile za mistari na rangi za kuwaka, mzee angeona anakuja mtoto wa shule. Nilichotaka ni raba ya ngozi ya kiume, nyeupe, ya kawaida kabisa, isiyo na maandishi wala mapambo, ile ukiivaa na suruali ya kitambaa inakubali na ukiivaa na jinzi inakubali, na bei yake iwe ya mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Kutamka ni rahisi. Nyingine ngozi yake ilikuwa plastiki, ukiikunja inalia. Nyingine soli imegundishwa tu, haina uzi hata mmoja. Nyingine ni nzuri, halafu unageuza unakuta kiatu cha kushoto na cha kulia havijawahi kuonana kabla ya siku hiyo. Mwishowe nikaipata kwa dada mmoja mwenye duka la viatu vya kiume. Nikainusa, ilinukia ngozi kweli. Nikaikunja pua ikakaribia kisigino. Nikavuta mshono kwa ukucha. Nikaomba maji kidogo nikaidondoshea juu, yakateleza yote chini.

Yule dada alikuwa amekunja mikono ananiangalia. "Kaka," akasema, "unanunua kiatu au ng'ombe?"

Nikanunua, nikaipiga picha, nikairusha kwenye grupu letu la WhatsApp na maelezo marefu kuhusu soli, uzito na uzi, nikaipa maksi tisa kwenye kumi. Ndani sikukagua. Ndani kulikuwa na bitana ya bluu iliyokolea, ikanipendeza macho, nikasema hapa wamejitahidi.

Wakati ananifungia akaniambia, "Hizi hazivaliwi na soksi, unaziua." Asubuhi ya safari nilikuwa nimeshavaa soksi zangu nene za kijivu, nikajitazama kwenye kioo, nikaona dada wa watu alisema kweli, nikazivua nikaziacha kitandani. Kosa lenyewe ni hilo tu, na mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Basi lilikwenda vizuri mpaka Nyololo, likasimama tukachimbe dawa, yaani kujisaidia. Mvua ya kule mnaijua, si ya kumwagika, ni ile ya kuning'inia hewani siku nzima, nyasi zote zimelowa mpaka magotini. Nikaingia nyasini kama wenzangu, nikarudi maji yanacheza ndani ya viatu. Kwa nje nikazifuta na leso, zikarudi nyeupe pee, nami nikarekodi sauti kwenye grupu kwa furaha, "Mvua imepita, kiatu kimesimama, hakuna hata doa." Baada ya hapo miguu yangu ilikaa imelowana ndani ya ile bitana, Mafinga yote na baridi yake, mpaka Iringa mjini, na mimi nasinzia zangu.

Oliva alinipokea stendi. Aliniangalia kuanzia juu mpaka chini, akatabasamu. "Umependeza. Soksi ziko wapi?"

"Hazivaliwi na soksi hizi."

"Nani kasema?"

"Muuzaji."

"Haya," akasema, "twende, wameshakaa."

Walikuwa wamekaa kweli. Baba yake karibu na dirisha, mzee mrefu mkimya aliyestaafu kiwanda cha karatasi kule Mgololo, pembeni yake shangazi, dada wa mzee, ambaye Oliva alishanionya kwamba hamung'unyi maneno, mama, na kwenye kiti cha chini pale pembeni bibi, mama mzazi wa mzee, kajifunika kitenge mabegani. Mlangoni viatu vimepangwa. Na mimi nikavua vyangu, nikavipanga nikihakikisha pua zinaelekea ndani ili mzee avione (aibu hii sijawahi kumwambia mtu), nikakanyaga zulia.

Zulia lilikuwa la rangi ya krimu, jipya. Mama alilinunua kwa ajili ya ugeni huo, ila hilo nililijua baadaye.

Sikuangalia chini hata mara moja. Nilikuwa nimefundishwa kusalimia Kihehe na akili yangu yote ilikuwa mdomoni, nikaenda kwa mzee, nikainama, "Kamwene," nikaenda kwa shangazi, "Kamwene," nikavuka chumba kizima kwenda kwa mama, na kwa bibi, kwa kuwa kiti chake kilikuwa chini, nikapiga magoti kabisa nikamshika mikono yote miwili. Bibi akacheka kwa furaha, akaniuliza habari za watu wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Nikarudi nikakaa. Nikajiambia, Gwaki, umefaulu.

Chai ikaja na magimbi. Mzee akauliza mvua za Mbeya, nikajibu. Akauliza kazi, nikajibu. Halafu nikaona shangazi haniangalii usoni, anaangalia sakafu, anafuata kitu kwa macho taratibu, mlangoni, kwa mzee, kwake, kwa mama, kwa bibi, mpaka kwangu.

"Mgeni wetu," akasema, "ametupigia muhuri."

Nikatazama. Nyayo za bluu, jamani, bluu ile ya kufulia nguo nyeupe, zimekamilika na vidole vyote, zimezunguka sebule nzima. Nikaangalia miguu yangu, nikaona ni ya mtu mwingine. Nikaisukuma chini ya kiti, ikapaka na pale.

Hapo mtu mwenye busara angesema samahani. Mimi nikasema, "Naomba kwenda msalani," nikavuka zulia kwa vidole, kama vile nyayo za vidole hazihesabiwi, nikajifungia bafuni na maji ya Iringa yale ya baridi na kipande cha sabuni ya mche. Nikasugua kwa mikono. Nikasugua kwa leso. Nilivyozidi kusugua ndivyo rangi ilivyozidi kuyeyuka, leso ikawa bluu, viganja vikawa bluu, na mimi kwa kuchanganyikiwa sikuviona viganja, nikarudi na miguu mibichi (kwa hiyo nyayo za mara ya pili zilikolea kuliko za kwanza), nikakaa, nikaweka mkono kwenye kile kitambaa cheupe cha kufuma kinachofunika kiti. Kazi ya mikono ya bibi. Nilipouinua, vidole vyangu vitano vilibaki pale.

Mzee akaweka kikombe chini, akasimama, akatoka nje. Mama akawa anaangalia zulia lake. Oliva kajifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka, na nikawaza kwamba imekwisha, mwanamke niliyempenda miaka yote hiyo nimempoteza kwa sababu ya kiatu nilichokipa tisa kwenye kumi.

Bibi ndiye aliyenyanyuka. Akanishika kifundo cha mkono, "Baba, njoo," akanipeleka uani, akanikalisha kwenye kigoda, akavuta beseni. Oliva akaja na birika la maji ya moto, macho mekundu. Bibi akapiga magoti, akachukua mguu wangu akauweka mapajani mwake na kuanza kuusugua na dodoki.

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi wa umri ule ameshika miguu yangu! Nikasema, "Bibi, niache tu, nitajiosha mwenyewe."

"Umeshajiosha," akasema. "Tumeona."

Akasugua. Rangi haikutoka, ila maji ya moto yalikuwa matamu, na yeye hakuwa na haraka. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mbona ulichelewa hivi kuja?" Nikaanza na mavuno. "Si leo," akasema, "nauliza miaka yote hii."

Sijui ni yale maji au ni ule mkono wake, mimi nikajikuta nasema kitu ambacho sijawahi kukisema. Nikamwambia baba yangu alimwacha mama yangu mimi nikiwa mdogo, akaondoka tu, na ukoo mzima mpaka leo wakiniona wanasema huyu ni baba yake mtupu, sura, mwendo, mpaka kukohoa. Nikamwambia nilikuwa nataka nihakikishe kwanza kwamba mimi si yeye, ndiyo nimchukue mtoto wa watu.

Maji ya birika yakaacha kumiminika. Oliva alikuwa hajawahi kulisikia hilo.

"Na umeonaje?" bibi akauliza.

"Bado sijajua, bibi."

"Huwezi kulijua ukiwa peke yako chumbani Mbeya," akasema, akachukua mguu wa pili.

Nilipoinua macho nikamwona mzee mlango wa uani, kasimama sijui tangu saa ngapi, ameshika ndala zake mkononi. Ndizo alizokuwa amefuata. Akaziweka mbele yangu. "Vaa hizi," akasema, "chai inapoa."

Tukarudi ndani. Nikakaa nikiwa nimeficha mikono kwapani. Mzee akaangalia zulia kwa muda mrefu, akaanza kuzungumza taratibu, "Wameshakuja vijana humu ndani. Mmoja alitusalimia kwa kutupungia mkono akiwa pale mlangoni. Wewe naona ulisimama kwa kila mtu. Kwa mama yangu hapa kuna vidole tu, visigino havipo, maana yake ulipiga magoti." Shangazi akataka kusema kitu, mzee akamwangalia, akaacha. "Wazee wako wapo?"

"Wapo. Baba mdogo yupo."

"Waambie waje."

Nikaitikia kwa kichwa kama mjinga, na mama wa watu, akiwa bado anaangalia zulia lake, akaniongezea gimbi kwenye sahani.

Mtauliza habari za raba, najua, grupu zima waliniuliza. Raba ninazo. Kwa haki, si mbaya: soli haijaachia, uzi umeshika, ngozi imejikunja vizuri pale kwenye vidole na inafutika, na kwa bei ile sidhani kama utapata bora. Ila ndani inatoa rangi, maksi nimezishusha mpaka sita, na muuzaji akikwambia habari za soksi usimsikilize. Miguu nayo ilichukua wiki nzima kurudi kuwa yangu.

Lakini mimi ninachokumbuka zaidi ni jioni ile, Oliva ananisindikiza, nimevaa ndala za baba yake na raba nimebeba mkononi. Tulitembea mpaka barabarani. Halafu akaniuliza, "Lile ulilomwambia bibi, kwa nini hukuniambia mimi?"

Nikamwambia niliogopa angeanza kuniangalia kwa jicho lile ukoo wangu wanaloniangalia nalo.

Akasimama. "Mimi nilijua unanikagua," akasema. "Kila ulivyoahirisha nilijua kuna kasoro umeiona kwangu, nikawa naitafuta. Nilikuwa nakaa najiuliza ni ipi, Gwaki, miaka yote hii."

Yale maneno yaliniuma kuliko nyayo zote za sebuleni. Nilimshika mkono palepale barabarani, watu wanapita, na kiganja changu ni cha bluu, nikamwambia hakuna kasoro, haikuwahi kuwepo, nilikuwa naogopa mimi tu. Alilia, na safari hii nilijua kabisa kwamba analia. Baba mdogo ameshakwenda ukweni na wenzake, walipokelewa vizuri, na harusi imeshapangiwa mwezi. Mimi nimeapa jambo moja: sitamwacha tena mke wangu akae na swali ambalo jibu lake ninalo mimi.