Jibini Zisizo na Alama

Baba yangu alinifundisha kutengeneza jibini wakati alikuwa ameshaanza kufa, na sisi watatu nyumbani tulilijua hilo. Nalisema mapema ili mtu asidhani nataka kusimulia habari za kazi tu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umechoka, asibebe tena kitu kizito, asiinamie moto. Alirudi nyumbani na miguu iliyovimba, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, akaniita.

"Juma yenye inakuya utaacha kwanza bitenge," alisema. "Utakuya kufanya fromaji."

Fromaji ndilo jina tunaloipa jibini, na baba alikuwa fundi wake tangu ujana wake kwenye vilima vya Masisi. Huko alifanyia kazi katika kibanda cha mbao chini ya malisho, na maziwa yalimfikia yakiwa bado na joto la ng'ombe. Vita vilitushusha Goma, ng'ombe wakaisha, lakini yeye hakuacha. Alinunua maziwa yaliyoshuka na pikipiki katika vidumu vya njano, akayafanyia kazi nyuma ya nyumba, kwenye chumba kidogo tulichokijenga kwa mawe ya volkano ili kibaki na baridi. Mimi nilikuwa na meza yangu ya vitenge kwenye soko la Birere. Harufu ya maziwa yaliyoganda nilikuwa nimeikimbia tangu nikiwa msichana, na sikuona sababu ya kuirudia.

Sababu ilikuwa mama. Tangu aolewe hakuwahi kula jibini ya mtu mwingine. Kila jioni hula kipande chake na chai, hasifu wala halalamiki, anatafuna tu akitazama mlangoni. Jioni ile baba aliponiita, nilimtazama mama akila, nikaelewa kitu ambacho baba alikuwa akikiogopa, nami kikanishika hapo hapo. Baada ya hapo nilitaka jambo moja tu: mkono wa baba usizikwe pamoja naye.

Mimi ni mtu wa haraka, na hasira zangu ziko karibu. Nilidhani kazi hii nitaimaliza kwa majuma machache. Nilichukua simu nikamrekodi baba kila hatua, akiwa ameketi na akinielekeza kwa kidole: kupasha maziwa, kutia dawa ya kugandisha, kukata, kukamua maji, kufunga kwa kitambaa, kukandamiza. Nilizitazama video hizo mezani kwangu Birere wateja wakiwa wachache, hata nikaweza kuzikariri. Siku aliponiambia nifanye mwenyewe, nilisimama mbele ya sufuria mikono ikining'inia. Akaniuliza kama maziwa yameshafikia joto lake. Nikatoa simu nitazame. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia mfukoni mwa shati lake.

"Telefone njo inajua," alisema. "Weye bado."

Kuanzia siku ile alikuwa na neno moja lililonikera kuliko matusi: "Sema weye kwanza." Tulikuwa tunatia vidole kwenye maziwa wote wawili, yeye na mimi, na yeye aliyejua alinyamaza mpaka mimi nisiyejua niseme. Nikisema yako tayari, aliuliza sababu: "Juu ya nini?" Nikisema bado, aliuliza vile vile. Nikikosea, hakufanya haraka kunirekebisha. Aliacha maziwa yenyewe yanijibu, yaje laini mno au yavunjike kama chokaa, kisha ananiuliza ni wapi nilipotea. Nilimwambia mara nyingi kwamba ingekuwa rahisi anieleze tu. Alikubali kwamba ingekuwa rahisi.

Jambo lingine lililonichosha ni jinsi alivyonifukuza. Siku niliyofanya vizuri, nilitaka kurudia kesho yake kabla mikono haijasahau, na siku hiyo ndiyo alinituma nirudi kwenye vitenge vyangu. Nilirudi baada ya siku kadhaa, nikasimama mbele ya sufuria nikiwa mtupu kichwani. Nilisema kwa aibu, "Nimesahau, papa." Yeye alikuwa karibu kufurahi.

"Iko muzuri. Tafuta sasa."

Basi nilitafuta, jasho likinitoka, nikimchukia kidogo. Leo naweza kusema kwamba yale niliyoyatafuta mwenyewe kichwani, nikayapata kwa shida, ndiyo niliyobaki nayo. Yale niliyopewa mkononi sijui yalikwenda wapi. Na kila nilipoanza kujisikia fundi, alibadilisha maziwa. Alitaka nifanye ya kiangazi na ya mvua, ya asubuhi na ya jioni, na hata yale yaliyotikisika saa nyingi njiani yakafika nusu yameshageuka siagi. Maziwa hayo mtu mwingine angeyakataa. Baba aliyapokea, akanitazama, akangoja niseme.

Jioni alinituma jikoni nikamweleze mama tulichofanya. Mama alikuwa akichagua maharage, naye aliniuliza maswali ya kijinga kabisa. "Na ukikata bipande bikubwa, itakuwa nini?" "Na ukikosa kuosha kitambaa?" Mwanamke aliyeishi miaka yote hiyo na fundi wa jibini anaulizaje hivyo? Nafikiri yeye na baba walipatana, ingawa mama anakana mpaka leo. Nilianza kumjibu kwa dharau, kisha katikati ya sentensi nikakuta sina jibu, na hapo ndipo nilipojua shimo langu liko wapi. Nilirudi kwa baba na swali.

Kosa langu kubwa lilikuwa la jiwe. Jibini ikishafungwa kitambaa na kutiwa kwenye kipande cha bomba, huwekewa ubao juu, na juu ya ubao jiwe, ili maji yatoke usiku kucha. Jiwe la baba lilikuwa limetoka mtoni, Masisi, la duara, na lilikuwa limepasuka. Nikaambiwa nitafute lingine. Goma si mahali pa kutafuta jiwe. Unainama tu mlangoni. Nilichagua la volkano lenye ukubwa ule ule, nikalipima hata kwa viganja, nikaliosha vizuri, nikaliweka. Baba alikuwa pale pale kwenye kiti chake.

Baada ya majuma mawili jibini zote za siku ile zilivimba, na nilipozikata zilinuka. Na yale yalikuwa maziwa yaliyopatikana kwa taabu, barabara ilikuwa inafungwa na kufunguliwa. Nilizitafakari kuanzia joto mpaka chumvi, nikashindwa. Ndipo nilipolibeba lile jiwe kulisogeza, nikaona jinsi lilivyonijia mkononi kirahisi. Jiwe letu la hapa lina matundu tele; limejaa hewa. Nilikuwa nimejifunza ukubwa wa jiwe la baba kwa macho, uzito wake sikuwahi kuujua, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akilibeba siku zote, ingawa daktari alikuwa amemkataza.

"Papa, uliniona nikiweka hii jiwe?"

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza?"

"Na miye nilifanyaka vile, wakati tulifika hapa," alisema. "Muulize mama yako. Tulimwaga fromaji ya mwezi muzima, mpaka niliagiza ile jiwe ya mtoni."

Mama alicheka kutoka jikoni, akasema si mwezi, ni zaidi. Hasira zangu zilikuwa zimeshapanda, zikakosa pa kwenda. Nilikwenda na kubeba mawe ya kila mtu mtaani hadi nikapata zito la kutosha, na tangu siku hiyo sijakandamiza jibini bila kwanza kulibeba jiwe kwa mikono miwili na kufumba macho.

Wakati huo baba bado alikuwa na siku za nguvu. Siku hizo alifanya jibini zake mwenyewe, mimi nikibeba na yeye akishika, na zangu niliziweka kwenye rafu ile ile. Nilitaka kuzitia alama ya kisu pembeni ili tusizichanganye. Alikataa. "Ukitia alama utaangalia alama," alisema. "Hautaangalia fromaji." Kwa hiyo zilikaa pamoja, zikigeuzwa na kufutwa kwa maji ya chumvi pamoja, na iliyofikia wakati ilikatwa bila mtu kujua ni ya nani. Kabla ya kuonja, nilitakiwa niseme ni ya nani.

Lakini mama alijua. Mara za kwanza hakuwa na haja hata ya kumeza. Aliweka kipande mdomoni, akasema, "Hii ni ya mutoto," akanywa chai. Baba aliangua kicheko, nami nilinuna. Nilimwuliza amejuaje, na hakuweza kunieleza. Alisema tu kwamba inakwisha upesi mdomoni. Kwa miezi mingi nilifanyia kazi neno hilo moja. Nilikata vipande vidogo zaidi, nikangoja zaidi, nikapunguza haraka yangu kwenye kukamua. Mama aliendelea kusema "hii ni ya mutoto", kisha akaisema kwa kusitasita, kisha siku moja akaisema juu ya jibini ambayo baba alijua ni yake. Baba hakumsahihisha mbele yangu. Aliniambia kesho yake. Baadaye mama aliacha kusema. Alikula tu, akitazama mlangoni.

Kisha ikaja ile miezi ya risasi mjini, maziwa hayakushuka, na watu hawakulala vitandani mwao. Baba hakuweza kukimbia wala hakutaka kubebwa. Tulikaa naye sakafuni nyuma ya ukuta wa chumba cha jibini, kwa kuwa ndio ukuta mnene kuliko yote. Nilikuwa nikigeuza jibini pale, maana zisipogeuzwa zinaharibika, na sikuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Baba alinifuata kwa macho. Mji ulipotulia na pikipiki zikaanza tena kushuka na vidumu, yeye hakuinuka tena kitandani.

Basi kazi niliifanya peke yangu, na maziwa yakishaganda nilimpelekea kidogo kwenye bakuli ayaguse. Aliyaminya kati ya vidole, akaniangalia, nami nilisema kwanza kama kawaida, halafu alikubali kwa kichwa. Siku moja nilisema, "Bado kidogo, papa." Mkono wake ulibaki ndani ya bakuli, macho ameyafumba, nami nilingoja nikidhani anapima. Hakuwa anapima. Aliushikilia tu ule uvuguvugu. Niliacha bakuli pale mpaka likapoa, na jibini ya siku ile iliharibika, na sikujali.

Alikufa asubuhi, mama akimpangusa uso. Kaburi lilichimbwa kwa tarimbo na nyundo, kwa sababu ardhi ya hapa ni jiwe tupu, na sauti ile ya chuma juu ya jiwe ndiyo ninayoisikia ninapofikiria mazishi yake, kuliko nyimbo. Watu wa Masisi walikuja wengi, wale walioko mjini na wale walioko kwenye kambi, wakakaa chini ya turubai. Niliwapa jibini na chai. Walisema muzee ameacha kazi nzuri, nami niliwashukuru.

Siku ya kuondoa matanga, wageni walipokwisha kwenda na viti vya kukodi vimebebwa, mama aliingia mwenyewe kwenye chumba cha jibini. Hakuwa na desturi ya kuingia humo. Alitafuta nyuma kabisa ya rafu, akatoka na moja kavu, ya zamani kuliko nyingine, ganda lake limekuwa la kahawia. Aliketi, akakata kipande, akala akiwa amefumba macho.

"Hii ni ya papa yako," alisema. "Njo ya mwisho. Ni mukono yake kabisa."

Alikata kingine akanipa. Nilikula. Ilikuwa nzuri, ilikaa mdomoni, na kweli ulikuwa mkono wake. Kisha mama alichukua kitambaa safi akaanza kuifunga iliyobaki. Alisema hatutaikata tena, ataiweka kwenye sanduku lake pamoja na vitenge vyake vya harusi. Nilimtazama akifunga, nikaona jinsi itakavyooza humo, na jinsi atakavyokataa kila jibini nitakayomletea baada ya hiyo, kwa sababu ya mwisho ameshaifungia.

"Mama," nilisema, "ile ni yangu."

Aliacha kufunga.

"Zote za kwenye rafu ni zangu. Wakati nilizifanya, papa alikuwa ameshalala kitandani."

Hakubishana. Alijua hesabu ya majuma kuliko mimi, ni huzuni tu iliyomfanya aisahau. Alikitazama kile kitambaa, akaitazama rafu kupitia mlangoni, na nikaona anarudi nyuma akilini, jioni kwa jioni. Nilidhani atalia, au atasema neno la kunisifu, na sikujua lipi lingeniumiza zaidi.

"Sasa yake ilikwisha siku gani?" aliniuliza.

Siku yenyewe siijui mpaka leo. Ilikwisha jioni fulani katika zile jioni mama alipokuwa ameacha kusema hii ni ya nani. Tuliila na chai, sisi watatu, labda tukilalamikia umeme uliokatika, na baba, ambaye bila shaka alijua, alimaliza kipande chake akanyamaza.