Hita ya Samaki na Bidoni Tatu

Wiki hii nilisimama kwenye kaunta ya duka moja la vifaa vya umeme mtaani Nyamirambo, nimeshika karatasi ya hesabu. Samaki wangu wanne wa rangi, wanaoishi kwenye tangi la kioo sebuleni, walikuwa wameanza kulala chini kwa baridi. Wa tano alikuwa ameshakufa. Muuzaji alikuwa na hita mbili za kupasha maji ya tangi, alizoachiwa na Mzungu aliyerudi kwao, moja ya wati hamsini, nyingine ya mia tatu. Kitabu changu cha samaki kinasema kila lita inahitaji wati moja hivi.

“Nipe kubwa,” nikasema. “Tangi langu ni lita mia tatu.” Nikamwonyesha urefu mara upana mara kina, vyote vimepigiwa mstari kwa rula.

Hakuitazama karatasi. “Muzee, maji ulijaza na nini?”

“Na bidoni.”

“Ngapi?”

“Tatu.”

Mama aliyekuwa nyuma yangu, mkononi bidoni tupu, lile dumu la plastiki la kuchotea maji, akainua vidole vitatu. “Bidoni moja iko lita makumi mbili. Tatu iko sitini. Hiyo kubwa itawapika, Muzee.”

Muuzaji akanifungia ndogo bila kuniuliza.

“Na unafanyaka kazi wapi?” mama akauliza kwa upole.

Nikajibu kwa sauti ya chini kwamba niko serikalini, kwenye mipango ya maji.

Akaitazama bidoni yake, kisha akanitazama mimi. “Sawa. Sisi wa mtaa wa Gitega, tunabebaka maji na bidoni, tulikuwa tunajiuliza.”

Samaki walichangamka siku ya pili. Mabomba ya Gitega tumeyapangia mwaka ujao.