Bei ya Kuitwa Argentina

London nzima, Jedidah Nekesa aliogopa vitu viwili tu: barua pepe za ejensi iliyomwajiri kutunza wazee, na kiumbe kilichoishi ndani ya tangi la kioo sebuleni kwa Mzee Manish, kule Harrow. Barua pepe angalau hazikuwa na ulimi wa panda mbili.

Kiumbe chenyewe kiliitwa tegu, mjusi wa Amerika Kusini, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Kwao Bungoma mnyama wa umbo hilo huitwa burukenge, na hawekewi taa ya kumpasha joto, huwekewa rungu. Alipokuwa mtoto, Jedidah aliingiza mkono kwenye kiota cha kuku kutafuta mayai, akashika kitu baridi ambacho hakikuwa yai. Tangu siku hiyo mayai yake yote hutoka dukani.

Mzee Manish alizaliwa Kisumu, akauza vitambaa huko mpaka alipohamia Harrow, na hadi leo magoti yakimuuma hulalamika kwa Kiswahili. Ndiyo maana walipatana. Jedidah alimwogesha, akampa dawa, akamvisha soksi, na kila alipopita kwenye tangi alipita kiubavu. Mjusi aliachwa na mjukuu aliyekwenda chuo kikuu, mahali ambapo vijana hufundishwa kuwaachia wazee mizigo kwa Kiingereza safi.

Jumamosi moja mchana mzee akatangaza kuwa amepata mnunuzi.

"Yuko njiani kutoka Tooting, ng'ambo ya London. Mikono yangu inatetemeka, kwa hivyo utamtoa wewe, umwonyeshe."

"Mimi? Mzee, hata ukiniandikia hii nyumba!"

"Huyu ni Argentina, mama. Hubebwa kama paka."

Akamweleza siri ya soko. Wauzaji huuza jina la nchi kwanza, mjusi baadaye. Wa Argentina, mpole, pauni mia nne. Wa Kolombia, mwenye meno na hasira, themanini, na muuzaji hushukuru Mungu. "Ni kama kitenge. Ukisema cha Uholanzi, mama anafungua pochi. Ukisema cha China, anakuuliza choo kiko wapi."

"Na huyu una hakika ni Argentina?"

Mzee akatazama dirishani. "Mjukuu alimnunua kama Kolombia. Lakini sasa anajivua gamba, rangi haionekani. Nani atajua?"

"Kumbe anauma!"

"Kidogo."

Kengele ya mlango ikalia. Ejensi ilikataza mlezi kugusa mnyama wa mteja, na kibali chake cha kukaa nchini kilishikwa na ejensi hiyo hiyo. Kidole kikienda, kazi inaenda. Kazi ikienda, na yeye anaenda.

Mnunuzi alikuwa kijana mrefu mweusi aitwaye Ryan, mwenye Kiingereza cha Tooting na macho yasiyocheka. Alitaka kumwona mjusi mikononi. "Wa Argentina hutulia. Wa Kolombia nitamjua mara moja."

Mzee akajikongoja, akafunua tangi, akaanza kuingiza mikono yake inayotetemeka. Jedidah akamwahi. Mteja aking'atwa kwenye zamu yake, barua pepe ya kumfukuza ni ile ile.

"Mshike shingoni," mzee akanong'ona kwa Kiswahili.

"Kolombia wako akinikata kidole, nitakufuata hata ahera."

"Tabasamu, kijana anatutazama."

"Ninatabasamu! Meno yote niliyo nayo ndiyo haya!"

Akafumba macho, akatia mikono. Mjusi akampanda mkono taratibu, kucha moja baada ya nyingine, akajipenyeza ndani ya sweta yake, akatulia kifuani. Ulimi ukamgusa shingo. Jedidah akasahau kupumua.

"Anti, vuta pumzi," Ryan akasema kwa Kiingereza. "Na usimshike shingoni. Hapo ndipo huwa wanauma."

Jedidah akafumbua macho. Neno shingoni lilikuwa limesemwa kwa Kiswahili tu.

"Mamangu ni wa Kakamega. Ananigombeza kwa Kiswahili tangu nizaliwe. Naelewa kila kitu, kujibu ndiyo siwezi. Kwa hivyo ni Kolombia. Themanini."

Mzee, aliyekuwa amejifanya kiziwi tangu aliposikia Kakamega, akapona ghafla. "Kolombia gani analala kifuani? Huyo ni Argentina mtupu! Aliyesema Kolombia ni huyu mama, na yeye anajua nini?"

Wakabishana juu ya kifua cha mtu, mmoja akimpeleka mjusi Bogotá, mwingine akimrudisha Buenos Aires, na kila sauti ilipopanda, kucha zilizama zaidi.

"Hana nchi!" Jedidah akapiga yowe. "Mia mbili, na mtu amtoe kabla sijafia kazini!"

Wote wawili wakanywea. Mia mbili ikakubaliwa. Ryan akanyoosha mkono. Mjusi akafunua kinywa, akamtolea mlio kama wa nyoka. Mkono wa kijana ukarudi mfukoni wenyewe.

"Anti... utanisaidia kumfikisha garini?"

Akatoka naye hivyo hivyo, machozi yakimtiririka, Ryan akitembea mbele kwa umbali wa mtu mwenye akili.

"Utaniripoti kwa ejensi?" Jedidah akauliza.

"Nikuripoti wewe? Mamangu ataniua."

Ilibidi mjusi abembelezwe kwa kipande cha kuku ndipo akaingia kwenye sanduku. Gari lilipoondoka, Jedidah aliketi kwenye ukingo wa barabara, akahesabu vidole vyake, kisha akavihesabu tena.