Kadi Iliyokubali

Shemeji yangu alikuwa muuza ng'onda, na kompyuta alizijua kama mimi ninavyojua kusuka mikeka, yaani kwa kuziona. Hata hivyo ndiye niliyemtuma Kariakoo kunitafutia kadi ya mtandao, kwa sababu ndiye aliyepanda basi la Dar kila mara na samaki wake wakavu, na kwa sababu alikuwa kaka wa mke wangu, na kwetu shemeji hakatai. Ukimtuma nyota atakuuliza tu unazitaka za ukubwa gani.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa na kila kilichochoka Ulaya kimepata njia ya kuja kwetu: majokofu, baiskeli, sidiria, na mwishowe kompyuta. Nilikuwa na chumba mjini Lindi, karibu na stendi, nikichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na katiba za vikundi vya kina mama. Mezani palikuwa na kompyuta kubwa iliyoingia mtandaoni kwa waya wa simu, ikipiga kelele kama kuku anayekamatwa. Pembeni yake palikuwa na laptopu. Hiyo sikuinunua. Aliniachia Mzungu mmoja aliyekuwa Kilwa akichunguza matumbawe. Nilimchapia ripoti zake, na alipoondoka akanipa mashine pamoja na mfumo wa kuiendesha aliokuwa ameuweka ndani yake.

Mfumo huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Haukuwa ule wa kunakiliwa ambao kila mtu alikuwa nao, uliojaa virusi hadi ukiweka disketi ya mteja unasoma dua kwanza. Huu ulikuwa wa bure, umeandikwa na watu wa kujitolea huko mbali, na kwa ninavyojua hapakuwa na mwingine aliyeutumia kusini mwa Rufiji. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Haukuwa na picha wala muziki, na haukuugua. Nikaupenda, na sitadanganya sababu: niliupenda kwa kuwa nilikuwa nao peke yangu. Mteja aliponiuliza mbona hauna picha, nilijisikia mtu.

Shemeji aliupa jina lake. Aliuita bunju, yule samaki wa sumu ambaye wavuvi wote humrudisha majini. "Shemeji, wenzako wote wanamtupa," aliniambia, "wewe peke yako ndiye unamkaangia vitunguu."

Nilicheka, lakini aliniuma kidogo, kwa maana alikuwa amesema kweli. Bunju wangu alikuwa na shida moja kubwa, alichagua chakula. Ili laptopu ile iunganishwe kwa waya na kompyuta kubwa ilihitaji kadi ya mtandao, kipande bapa kama biskuti kinachochomekwa ubavuni. Kadi zilijaa madukani. Lakini mfumo wangu ulizitambua chache tu, na haukujali jina lililoandikwa juu ya boksi, ulitazama chipu iliyomo ndani. Na wenye viwanda walikuwa na tabia ya kubadilisha chipu kimyakimya, huku boksi, jina na picha vikibaki vilevile. Unanunua kadi iliyosifiwa, unaichomeka, mfumo unakuandikia kwamba umeona kitu lakini haukijui. Dalili pekee ilikuwa namba ndogo nyuma ya kadi. Ikiishia na A, ni ile nzuri. Ikiishia na B, umetupa pesa.

Nilimfundisha shemeji hivyo, naye akashika. Shida ilikuwa maboksi yamefungwa nailoni na wenye maduka hawakutaka yafunguliwe kabla ya kununuliwa. Safari ya kwanza aliniletea B. Nilikasirika mbele yake, nikaitupa mezani, na yeye akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza. Nikamwachia aombe.

Safari iliyofuata alikwenda kuibadilisha. Safari hiyo mama yao, yeye na mke wangu, alikuwa mgonjwa huko kijijini Sudi.

Lazima nieleze mama huyo alikuwa nani kwangu, maana neno mkwe siku hizi vijana wanalisema ovyo. Mkwe wangu sikuwahi kukaa naye mkeka mmoja. Tukikutana njiani nilijitenga pembeni, nikainamisha macho, nikasema shikamoo kwa ardhi, naye akaitikia marahaba akiutazama mnazi. Akitaka nile, alimwambia mke wangu nikiwa palepale: "Mwambie mkwe wangu uji upo." Nami nilimjibu kupitia mke wangu. Huo haukuwa ugomvi, ndiyo heshima yenyewe, na ndani ya heshima hiyo tulipendana sana. Aliponiwekea kipande cha pweza nilijua ni kikubwa kuliko cha mwanawe. Lakini mkono wake sikuwahi kuushika.

Basi alikuwa anaugua, homa inayokuja na kwenda. Shemeji, mwanawe pekee wa kiume, alipanga kuuza samaki haraka na kurudi na basi la asubuhi inayofuata. Jioni akanipigia simu. Nilitoka nje ya chumba changu kutafuta mahali penye mawimbi, nikasimama juu ya tofali.

"Shemeji, huyu mwenye duka nimemlainisha," alisema. "Nimempa ng'onda wa bure, kumbe bibi yake ni mtu wa Kilwa, kidogo alie. Anasema kesho saa mbili asubuhi anafungua mzigo mpya wa Dubai, atanifungulia boksi moja moja mpaka tuipate hiyo A yako. Sasa nisubiri, au nipande basi la asubuhi? Mama anaendeleaje?"

Mke wangu alikuwa amerudi kutoka Sudi siku hiyo na kusema mama amekunywa uji na ameulizia habari za majirani. Hilo ndilo nililolijua. Ningeweza kumwita mke wangu kutoka ndani nimpe simu aseme mwenyewe. Ningeweza kusema, rudi, kadi itakuwepo. Nilisema, "Mama hajambo, leo kanywa uji. Subiri hiyo siku moja."

"Haya, shemeji," akasema. Hakuuliza mara ya pili, kwa sababu aliniamini.

Mama alifariki alfajiri.

Tulifika Sudi kwa pikapu, tukipitia Mingoyo ambako dereva alisimama kuchukua abiria na mke wangu akamlilia asisimame. Shemeji nilikuwa nimempigia simu tukiwa njiani. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha ondoka, na la kesho yake lingetambaa kutwa nzima kwenye barabara ile ya mashimo na kivuko. Akasema, "Msinisubiri. Mzikeni." Kwetu maiti haisubiri msafiri, hata msafiri akiwa mtoto. Hilo linajulikana na kila mtu, na nililijua pia nilipokuwa juu ya tofali.

Baada ya adhuhuri mwili ulisaliwa, tukaupeleka makaburini. Sheikh akauliza ni kina nani maharimu wa marehemu watakaoshuka kumpokea, maana mwanamke hapokelewi na mtu baki. Kaka yake alikuwepo, lakini mzee wa miguu mibovu. Watoto wawili wa dada yake wakavua viatu. "Na mwanawe?" akauliza sheikh. Mtu akajibu, "Yuko Dar." Sheikh akanitazama. Mkwe ni maharimu kwa sheria, hata kama kwa desturi alikuwa mtu nisiyemkaribia. "Basi shuka wewe," akasema. "Kaa kichwani, mahali pa mwanawe."

Nilitamani mtu mmoja aseme kwamba sistahili. Hakuna aliyejua kwa nini mwanawe yuko Dar, isipokuwa mke wangu, naye alikuwa nyumbani na wanawake wenzake. Watu walinipisha kwa upole, mmoja akanishika bega. Nikashuka.

Juu yetu walitandaza shuka na kulishika pembe zote, kama inavyofanywa kwa mwanamke, ili watu walio juu wasimwone. Chini ya shuka lile palikuwa na mwanga wa kijani, kwa sababu shuka lilikuwa la kijani, na joto, na harufu ya udongo mbichi. Wakamteremsha. Kichwa chake kikaja mikononi mwangu. Mimi niliyekuwa nikimwamkia nikitazama ardhi, sasa nilikuwa nimemkumbatia ndani ya ardhi hiyohiyo, uso wangu karibu na sanda, nikimlaza ubavu wa kulia na kumgeuza aelekee kibla. Kijana aliyekuwa miguuni alinong'ona, "Taratibu, kaka." Nilimwambia mama kimoyomoyo anisamehe, nikaona aibu hata ya hilo, kwa kuwa hatukuwahi kuzungumza uso kwa uso na sasa nilikuwa naanza kwa kuomba.

Shemeji alifika kesho yake jioni. Alipitia kaburini kwanza, peke yake, ndipo akaja matangani na kuketi mkekani na wanaume. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote kwa mdomo wangu: kwamba habari za mama nilizipata kwa dada yake na sikumwachia dada yake aseme, kwamba nilimzuia kwa ajili ya kadi, kwamba kadi yenyewe haikuwa ya lazima, ilikuwa kiburi changu tu. Nilitaka anitukane. Shemeji ana ruhusa ya kumtukana shemeji kwa mzaha, na mimi nilimngoja atumie ruhusa hiyo bila mzaha.

Akasema, "Siku yake ilikuwa imefika."

"Ningekuacha urudi, ungemzika."

"Ningemzika," akakubali. Akainuka akaenda kusaidia kupasua kuni.

Watu wanadhani kusamehewa ni kupumzika. Mimi naona ukigombezwa unapata pa kujishikiza, unajibu, unajitetea, mwishowe mnachoka wote. Ukiambiwa siku yake ilikuwa imefika, na ni kweli imani yetu inasema hivyo, unabaki na mzigo wako na hakuna anayetaka kukupokea. Mke wangu naye aliniwekea chakula, akaniwekea maji ya kunawa, na usiku akalala akiwa amegeukia ukuta.

Baada ya khitma tulirudi Lindi, na shemeji akaja nasi kutafuta usafiri wa kwenda Dar kufuata samaki wake aliowaacha. Aliingia chumbani kwangu, akatoa boksi kwenye begi na kuliweka mezani. Lilikuwa limefunguliwa nailoni. Nikaona nyuma ya kadi ile herufi niliyokuwa nikiitaka.

"Ijaribu," akasema.

"Siyo leo, shemeji."

"Ijaribu. Nilifunguliwa maboksi mengi mpaka nikaipata. Ilikuwa mkononi mwangu uliponipigia simu. Nataka kuona."

Niliwasha laptopu. Nitasema kile nilichokiomba moyoni wakati maandishi meupe yalipokuwa yakipanda: niliomba mfumo uikatae. Ungeikataa, ningeichukia mashine, ningeichukia kadi, ningemchukia mwenye duka na bibi yake wa Kilwa, na mimi na shemeji tungekuwa tumepunjwa wote wawili na mtu mwingine. Nikaichomeka ubavuni. Mfumo ukaandika jina la chipu, moja kwa moja, bila kusita. Nikaunganisha waya na taa ndogo ya kijani ikawaka. Miezi yote ile nilikuwa nimejiandaa kushangilia taa hiyo, hata maneno ya kuwaringia wateja nilikuwa nayo.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali."

"Alhamdulillahi," akasema, na hakuwa akinidhihaki. Alivuta kiti akaketi, akaitazama ile taa kwa muda kama mtu anayesubiri ifanye jambo la zaidi. Haikufanya. Nje kondakta alikuwa akiita abiria wa Mtwara, na nikadhani shemeji atanyanyuka kwenda kuulizia basi lake.

"Wameniambia wewe ndiye uliyekaa kichwani," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa mzito?"

Sikulitegemea swali hilo. Watu walikuwa wameniuliza kama kaburi lilikuwa na maji, kama udongo ulikuwa mwepesi kuchimba, kama watu walikuwa wengi. Hakuna aliyeniuliza hilo, na hapakuwa na mtu mwingine ambaye yeye angeweza kumwuliza.

"Hapana," nikasema. "Mwepesi, shemeji. Nilijikaza nipokee mtu mzima, nikakuta mwepesi sana."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaiweka mikono yake juu ya meza, viganja vikitazama juu, kati ya kompyuta kubwa na laptopu.

"Ulimshika hivi?"

Nikaisogeza mikono yake, mmoja nikauweka mahali pa shingo, mwingine nikauteremsha kidogo mpaka chini ya bega. "Hivi," nikamwambia.

Akaishikilia hivyo, akainamisha kichwa juu yake, na mimi nikaenda kufunga mlango ili wateja wasiingie.