Kopo la kimpumu juu ya amplifaya

Leo nimezima muziki bibi harusi akiwa katikati ya kuingia ukumbini. Na ningerudia!

Iko hivi. Harusi hapa Milanzi, baridi kali, mwenye muziki ni mimi. Nageuka kuangalia amplifaya, naona kopo la kimpumu limekaa juu yake.

Babu wa bwana harusi kaliweka. Eti mashine ina joto, pombe yake ya ulezi isipoe. 😂

Na kopo linavuja! Tone linatambaa kuelekea matundu ya hewa.

Nikashusha sauti, nikazima amplifaya, nikachomoa waya ukutani. Ukumbi kimya. Bibi harusi kasimama, mguu mmoja mbele. MC kanitolea macho.

Nyie mngefanyaje?

Babu akaja juu: "Binti, unatuharibia harusi?"

"Shikamoo babu. Humu kuna umeme. Pombe ikiingia mashine inaungua, na atakayeigusa anaweza kufa."

Akanitazama. Akabeba kopo lake.

Nikafuta, nikahakikisha hakuna kilichoingia, nikawasha, sauti nikaipandisha taratibu. Bibi harusi akaingia upya, vigelegele vingi kuliko mara ya kwanza!

Baadaye shangazi wa bwana harusi akaja kutua soda zake palepale. Kabla sijafungua mdomo, babu akanguruma: "Toa hapo! Fundi kakataza!"

Fundi ni mimi, jamani.

Huyu babu tangu asubuhi alikuwa ananiuliza fundi atafika saa ngapi.