Matairi Makubwa kwenye Jipu la Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwahidi dereva mmoja kwamba nitaketi kando yake ndani ya gari nililolitengeneza, katika safari yake ya kwanza likiwa limejaa mzigo. Niliahidi kwa haraka na kwa kiburi kidogo. Nawaandikia ninyi mafundi vijana ili mjue jinsi ahadi hiyo ilivyonikamilishia elimu ambayo chuo kilikuwa kimenipa nusu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Nilikuwa nimetoka magharibi mwa nchi nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi, Biblia ya baba yangu, na imani kwamba kazi iliyofanywa kwa uaminifu ni namna ya kumtumikia Mungu. Imani hiyo ningali nayo. Karakana yetu ilikuwa Ruiru, kando ya barabara iendayo Thika: banda la mabati, shimo moja la kukagulia magari, na uwanja wa murram ulioshindiliwa ukawa tambarare kama meza. Kiongozi wetu tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa Kalasinga mtulivu aliyeweza kutambua ugonjwa wa injini akiwa bado anakunywa chai upande wa pili wa uwanja. Alikisoma cheti changu hadi mwisho, akanirudishia.

"Karatasi mzuri," akasema. "Sasa mimi nataka ona mkono."

Akanipa jipu la shamba moja la kahawa. Halikuwa gari la kuwindia wala la kutembelea siku ya Jumapili. Kila asubuhi lilipeleka maziwa Thika, likafikisha wagonjwa hospitalini, likarudi na barua na vipuri vya mashine ya kahawa. Masika yalikuwa yamekaribia, na upande wa chini wa shamba hilo kulikuwa na udongo mweusi ambao ukilowa hushika gurudumu usiliachie. Kwa hiyo Meneja wa shamba alikuwa ameagiza matairi makubwa kuliko yale liliyokuja nayo. Wazo lake halikuwa baya. Tairi pana hukanyaga tope kwa eneo kubwa, hivyo halizami upesi; na tairi refu huinua tumbo la gari lisiparuze matuta.

Nilipiga hesabu ya kimo na upana kama tulivyofundishwa. Nikaliinua jipu kwa jeki, nikafunga magurudumu mapya, nikakata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Vidole viwili vilipita bila shida kati ya tairi na mpira wa breki, yaani ule mrija laini unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye fremu hadi gurudumuni. Nikaandika kwenye kadi ya kazi: Sawa. Nikatia sahihi.

Dereva wa jipu hilo, Mzee Wekesa, mtu wa kwetu magharibi, alikuwa ameegemea nguzo akinitazama.

"Kijana," akasema, "gari likiwa juu ya jeki ni kama mtu uliyemwinua kwa makwapa. Suruali yoyote itamtosha."

"Mzee, nimepima."

"Umepima likining'inia. Mimi siliendeshi likining'inia."

Mafundi wenzangu walicheka. Masikio yalinichoma. "Basi kesho nitapanda nawe likiwa limejaa," nikamwambia. "Nakuahidi mbele ya hawa wote."

"Njoo. Lakini usishibe sana, barabara yetu haina adabu."

Asubuhi iliyofuata nilifika shambani nikiwa na ruhusa ya Fundi Mkuu mfukoni, kwa sababu siku hizo mtu hakutoka mahali hadi mahali bila karatasi. Mikebe ya maziwa ilikuwa imepangwa nyuma, na juu na kando yake wafanyakazi wanane. Mmoja wao, Mama Ayuma, alikuwa amembeba mtoto mwenye homa akimpeleka hospitali.

"Fundi wa chuo," akaniita, "umekuja kutuhesabia mashimo?"

"Nimekuja kulisikiliza gari, mama."

"Basi likikwambia kitu, utuambie na sisi. Tusiwe wa mwisho kujua."

Tulipokata kona ya lango la shamba, gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo. Nikasikia sauti kama ya ndara inayosuguliwa sakafuni, kisha harufu ya mpira ikapanda. Mbele yetu barabara ilianza kushuka hadi kwenye daraja la mto.

"Simama, Mzee!"

Alikuwa ameshasimama. Nikalala kifudifudi barabarani, nikaingiza kichwa nyuma ya gurudumu. Ule mpira wa breki nilioupima jana ulikuwa umetoka nje kwa upinde, umeliegemea tairi. Ngozi yake ilikuwa imeparurwa hadi kitambaa cha ndani kinaonekana. Mafuta yalikuwa hayajaanza kuvuja. Kona mbili tatu zaidi, na Mzee Wekesa angekanyaga breki kwenye mteremko ule bila kupata kitu.

Hapo nikaelewa. Jeki inapoliinua gari, springi hulegea na gurudumu hushuka, kwa hiyo mpira huvutwa ukanyooka. Mzigo unapolala juu ya springi, fremu hushuka, mpira hupata ulegevu na kutokeza nje. Nilikuwa nimepima gari ambalo halipo barabarani popote.

Kabla sijasimama, Meneja alifika na gari lake dogo.

"Wekesa! Wewe haribu gari yangu tena?"

Nilijua maana ya neno hilo "tena". Dereva aliyefukuzwa alipoteza kazi, nyumba ya shambani, na haki ya kuendelea kukaa wilayani, kwa pamoja. Nilijua pia kwamba hata mimi nilikuwa pale kwa sahihi ya mwajiri tu.

"Bwana, si yeye," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba kazi iko sawa, na haikuwa sawa. Yeye ndiye aliyenionya."

Meneja akamwona mtoto, akamfungulia Mama Ayuma mlango wa gari lake. Mama huyo alinipita akisema kwa sauti ya chini, "Angalau umetuambia."

Tulishusha mzigo wote, tukarudi karakana polepole kwa njia ya tambarare. Adhuhuri Meneja alikuja. "Huyu hapana shika gari yangu tena," akamwambia Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alikuwa ameshika kadi yangu ya kazi. "Bwana, yeye nasema kweli mbele ya watu yako. Kama mimi nafukuza yeye leo, kesho fundi ingine nafanya makosa, naficha."

Meneja akamgeukia dereva. "Wekesa, wewe nataka huyu?"

"Namtaka, Bwana. Lakini apande tena."

Fundi Mkuu akanipa kalamu, nikafuta lile neno Sawa, na juu yake nikaandika: Nilipima bila mzigo. "Haya," akasema, "leta magunia."

Tulijaza magunia mchanga, tukayapanga ndani ya jipu hadi springi zikalala. Tukapandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo ili springi ya upande huo ibanwe kabisa, ndipo nikakata usukani. Tairi likagusa. Tukaweka mpira mpya wa breki, tukaufunga kwa kishikizo mbali na tairi, na tukarefusha skrubu za kikomo, zile zinazozuia usukani usikate kupita kiasi. Tukarudia upande wa pili. Nilimweleza Mzee Wekesa gharama ya mabadiliko hayo bila kumficha: usukani utakuwa mzito, kona zitahitaji nafasi zaidi, breki zikanyagwe mapema, na mita ya mwendo itaonyesha pungufu.

"Kwa hiyo sasa inadanganya?"

"Inahesabu mizunguko, Mzee, na kila mzunguko umekuwa mrefu."

Keshoye nilipanda tena. Tulivuka daraja, tukafika Thika, na maziwa hayakumwagika.

Baada ya miaka michache nilihamia Thika, kwenye karakana ya kiwanda, kisha karakana ya wilaya, ambako nilistaafu nikiwa Msimamizi. Kila nilikokwenda niliweka magunia ya mchanga kwenye kona. Mhandisi wa Wilaya aliniuliza siku moja kama nafungua duka la saruji. Nilimpakilia gari lake, nikamwomba akate usukani mwenyewe, na hakuuliza tena.

Sasa naishi Kamenu, hapa hapa Thika, na naona vijana wakifunga matairi makubwa kwenye magari wanayokwenda nayo ofisini. Siwalaumu. Ni kazi inayowezekana, nami niliifanya vizuri mara nyingi. Lakini gari la kila siku hubeba watu ambao hawakuulizwa wakati lilipobadilishwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: kabla hujaandika kwamba kazi imekwisha, lishushe gari kutoka kwenye jeki, lipakie mzigo wake wa kawaida, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha ulale chini uangalie.